Shilingi 19,280 za Mwezi wa Mei

Kwenye droo ya kabati la vyombo nimehifadhi risiti mbili za sola. Moja ni ya Mei 2021, nyingine ya Oktoba 2023. Ile ya kwanza hunikera kila nikiiona. Hakuna aliyenipunja. Nililipa VAT halali, ile kodi ya ongezeko la thamani, shilingi 19,280, mbele ya keshia mwenye adabu zake, nikapewa na kalenda juu. Ila ningevuta subira wiki sita tu, nisingeilipa.

Mimi ni muuza samaki. Tunakaa Mamboleo, Kisumu, nyumba yetu wenyewe, vyumba vitatu na stoo ambayo niliigeuza kuwa makao ya friza. Asubuhi nachukua ngege na mbuta ufukweni Dunga, nasafisha, nagandisha, nawauzia wenye vihoteli na majirani. Hapa mtaani hata watoto wa nursery wananiita Mama Samaki. Mzee wangu, baba watoto, ni mwalimu. Kazi yangu inakula stima kila saa, na stima ya huku mnaijua wenyewe: mawingu yakitanda tu upande wa Nandi, sisi tunatafuta mishumaa.

Aliyenitia moto wa sola ni kaka yangu anayeishi Minnesota. Mapema 2021 alipiga simu akijisifu kwamba ameweka paneli juu ya paa na serikali ya kule itamrudishia asilimia 26 ya gharama. Usiku ule sikulala. Nilidhani ni pesa zinazoingia kwenye simu kama M-Pesa, na mlio wake. Baadaye ndipo aliponieleza sawasawa: hatumiwi senti. Kodi ya mapato anayodaiwa ndiyo inayopunguzwa, na asiyedaiwa kodi hana cha kupunguziwa. Sheria yao ya 2022 ilipandisha kiwango kikawa asilimia 30, halafu nyingine ya Julai 2025 ikaufunga mlango kwa yeyote atakayeweka baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Kumbe hata huko kwa wakubwa nafuu huja na kuondoka.

Wakati huo hayo sikuyajua. Nilichojiambia ni kwamba na Kenya lazima iko yetu, kazi ni kuitafuta.

Nilianzia kwa chifu, maana mama mmoja wa chama chetu cha kuzungushiana akiba alikuwa ameniapia kwamba serikali inagawa sola. Kumbe habari aliyoisikia ni ya KOSAP, mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kupeleka sola kule ambako nyaya za stima hazijafika. Ulilenga kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Garissa, Lamu na nyingine za aina hiyo. Hata Pokot Magharibi ilikuwamo. Kisumu haikuwamo, na haki ya Mungu mimi sikustahili kuwamo. Nguzo ya stima imesimama mbele ya lango langu. Karani alinitazama kwa huruma. "Mama, wewe una mita. Hiyo si yako."

Mzee wangu naye alikuwa na tumaini lake: kwa vile hukatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, kila mwisho wa mwezi, aliwazia kwamba KRA, watoza kodi wetu, watampunguzia kama wanavyompunguzia shemeji yake wa Marekani. Akauliza. Hakuna. Mtu anayeweka sola kwenye paa la nyumba anayoishi hapunguziwi kodi ya mshahara kwa ajili ya hiyo sola.

Nafuu yetu iko dukani, ndani ya bei. Paneli huingia nchini bila ushuru wa forodha, na mwaka 2014 vifaa vya sola vilisamehewa VAT. Ubaya wa zawadi ya namna hii ni kwamba haina sauti. Ikiwepo huioni, ikiondolewa huioni pia. Unaona bei tu, unalalamika, unalipa.

Na iliondolewa. Sheria ya Fedha ya 2020 iliirudisha VAT kwenye sola kuanzia Julai mwaka huo, na mimi sikuwa na habari. Mei 2021 nikaingia mjini na pesa za mzunguko wa chama nikiwa nimezifunga kwenye leso. Paneli mbili za wati 250, elfu 15 kila moja. Betri mbili za asidi, elfu 32 kila moja. Inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, 18,000. Chaji kontrola, ya kulinda betri zisijazwe kupita kiasi, 8,500. Jumla 120,500. Halafu chini kabisa ya karatasi, mstari mmoja: asilimia 16. Nikauliza, "Hii ni ya nini?" Keshia akajibu, "Ni ya serikali, mama," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibu swali hilo mara hamsini siku hiyo.

Tarehe 1 Julai msamaha ukarudi. Niliisikia redioni nikikwangua magamba: Sheria ya Fedha ya 2021 imeondoa VAT kwenye vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo, zikiwemo paneli, chaji kontrola, inveta na betri zile za kuhifadhi umeme wa jua. Nilikata kidole.

Siku hizi kalenda hiyo naijua kama ninavyojua siku za soko la Kibuye. Mswada wa Fedha hufika bungeni mwishoni mwa Aprili na wananchi hualikwa kutoa maoni, bajeti husomwa Juni, na mengi yaliyopitishwa huanza kufanya kazi Julai 1. Kati ya Mei na Juni mimi sinunui kitu chochote kikubwa chenye plagi mpaka nimemtuma mwanangu asome mswada unasema nini juu yake. Saa nyingine ni vibaya kusubiri, maana hata 2020 ilikuwa hivyo hivyo: aliyenunua Juni alinusurika, aliyengoja Agosti akaumia. Kwa hiyo sisemi ngoja. Nasema soma kwanza.

Lakini tusidanganyane, VAT haikuwa hasara yangu kubwa. Hasara kubwa ilikuwa fundi.

Aliletwa na mtu wa kanisani. Kijana mpole, ana ngazi yake, ana drili yake, hakunywa hata soda niliyompa. Leseni sikumwuliza, ningemwulizaje mtoto wa watu leseni na ameletwa na mzee wa kanisa? Akafunga paneli upande ule ambao mwembe wa jirani huufunika kivuli kuanzia saa tisa alasiri. Akaunganisha friza, taa na televisheni kwenye betri zile mbili. "Mathe, hii inashika mpaka asubuhi."

Ikashika kweli. Miezi minane ilishika mpaka asubuhi. Kisha ikawa inafika saa kumi usiku, kisha saa sita. Mwezi wa kumi na nne haikumaliza taarifa ya habari ya saa tatu. Kijana akaja, akagusa, akatikisa kichwa. "Betri zimelala," akasema, kama anayetangaza msiba.

Betri za asidi hazitaki kunyonywa zaidi ya nusu ya zilichobeba. Zangu zilikuwa zinakaushwa kila usiku wa Mungu, na kesho yake paneli za wati 500 zenye kivuli cha mwembe hazikuweza kuzijaza tena. Hayo nilikuja kuambiwa na fundi wa pili. Kwa kanuni zilizotoka mwaka 2012, mtu yeyote wa kufunga sola anatakiwa awe na leseni ya mdhibiti wa nishati, ambaye siku hizi anaitwa EPRA. Madaraja ni matatu: T1 ni wa mifumo midogo ya taa na simu, T2 wa kati, T3 wa mifumo mikubwa pamoja na ile inayokutana na stima ya Kenya Power. Kijana wangu hakuwa na hata T1. Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyeona haya kuuliza swali la sekunde tano, nikalipia haya hiyo elfu 64 za betri.

Mwaka mzima uliofuata paneli zikabaki juu kama pambo la paa, zinachaji simu.

Kisha ikaja Ijumaa, 25 Agosti 2023. Mtaisahau? Karibu nchi nzima ilizimika usiku ule. Mimi jioni hiyo hiyo nilikuwa nimeingiza kilo 38 za samaki wabichi kwenye friza. Samaki aliyekwisha kuganda, ukimfungia usimchungulie, huvumilia siku nzima. Mbichi havumilii. Jumamosi asubuhi nilifungua, nikanusa, nikaita majirani. Tulikaanga kwa jiko la makaa mpaka mikono ikanuka mafuta siku tatu, tukauza kwa nusu bei, na waliobaki tukagawa. Karibu elfu 14 ziliondoka hivyo. Stima kwetu ilirudi jioni.

Mzee wangu alinikuta nimekaa kwenye ndoo, sisemi. Akasema, "Mama watoto, hebu tuifanye tena, lakini safari hii tuifanye kama watu wazima."

Fundi wa pili alikuja na kadi yake ya T3 kabla sijaiomba. Kitu cha pili kilichonishangaza ni kwamba hakupanda paa. Aliomba simu yangu, akasoma meseji za tokeni za miezi sita, akajumlisha: uniti 140 kwa mwezi, au karibu na hapo. Kisha akatembea nyumbani akihesabu vitu. Shawa ya umeme akaiwekea alama ya kukata. "Mama, jua la Kisumu ni zuri, lakini usilitumie kuchemshia maji kupitia betri. Utafilisika." Balbu mbili za kizamani akazing'oa hapo hapo. Pamba ya mlango wa friza iliyokuwa imelegea, shilingi 1,200, akasema ibadilishwe kwanza, sola baadaye. Uniti 140 zilishuka hadi 118 kabla hatujanunua hata msumari.

Mwembe aliukimbia. Paneli mpya zilikwenda paa la upande wa pili, zimeinama kidogo tu. Akaniambia huku kwetu ikweta inapita Maseno, jua liko karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo mwinamo ni wa kusaidia mvua ioshe vumbi kuliko kulifuata jua. Mvua ya Kisumu inaosha vizuri. Isichoosha ni vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi, na kinyesi cha ndege wale warefu wasiojua adabu. Hivyo naviosha mwenyewe alfajiri kwa ufagio laini, paneli zikiwa bado baridi.

Sasa risiti ya pili. Duka la kwanza tuliloingia walitupa karatasi yenye jumla moja: shilingi 437,320, "pamoja na kila kitu." Nikasema sawa, niandikie kila kitu ni nini na nini. Akasita. Nikamwambia nataka na ankara ya eTIMS ya KRA, ile inayoonyesha kila bidhaa na kodi yake. Akaenda nyuma, akakaa. Aliporudi alikuwa na karatasi nyingine. Paneli nne za wati 410: 66,000. Inveta: 68,000. Betri ya lithiamu ya uniti 5: 185,000. Hiyo ni 319,000, na VAT yake sufuri. Nyaya, fremu za chuma, breka na ujira: 58,000, na hapo asilimia 16 ikabaki, 9,280. Jumla mpya 386,280.

Tofauti, 51,040. Mwenye duka alisema kompyuta ilikuwa imekosea. Huenda. Kompyuta za maduka, nimegundua, hazijawahi kukosea kwa kunipendelea mimi.

Hiyo ndiyo pesa ya pekee ambayo ninaweza kusema serikali ilinipa, na niliipata kwa sababu nilidai karatasi iliyochanganuliwa. Msamaha hutolewa kwa kifaa, kwa jina lake. Vya kawaida, kama nyaya za nyumba na kazi ya mikono, havitajwi. Wakikuunganishia vyote kwenye mstari mmoja, huwezi kujua kodi imelipwa juu ya nini, na aliyesamehewa anaweza kuwa muuzaji badala yako.

Pesa nyingine zilitoka Sacco ya walimu, mkopo wa 250,000 kwa miezi 36, asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Wadhamini wanne. Makato 8,300 hivi kwenye payslip. Zilizobaki nilizitoa kwenye samaki.

Je, imelipa? Watu hupenda nijibu ndiyo. Uniti ninazonunua zimeshuka hadi 45 kwa mwezi. Na hapo kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja: Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Hadi uniti 30 ni kundi moja, kutoka 31 hadi 100 la pili, zaidi ya 100 la tatu. Kwa bei za msingi zilizoanza Aprili 2023, uniti ilikuwa shilingi 12.22 kwa kundi la chini, 16.30 la kati na 20.97 la juu, kabla ya gharama ya mafuta, VAT na zile tozo nyingine zinazojipanga foleni. Mimi nilikuwa la tatu. Sola ilinishusha hadi la pili, kwa hiyo hata zile uniti chache ninazoendelea kununua nanunua kwa bei ya chini. Haikutokea mwezi wa kwanza. Ilinibidi ningoje wastani ushuke, na nilikwisha kuanza kumpigia fundi simu za lawama.

Ukijumlisha yote naokoa kama 3,100 kwa mwezi. Gawa 386,280 kwa hiyo: zaidi ya miaka 10. Kwa mwalimu mwenye taa na televisheni peke yake, ningesema aweke pesa Sacco. Kwangu hesabu ni nyingine kwa sababu ya friza. Mwaka huo huo wa 2023 nchi ilizimika tena Novemba na tena Desemba. Ile ya Desemba ilikuwa Jumapili usiku, nami nilijua imezimika kwa sababu jirani alibisha hodi na beseni la kuku, akiomba nafasi.

Ukitazama ile risiti tena, betri peke yake ni karibu nusu. Ndiyo maana 2024, kanuni za kubadilishana umeme na gridi, yaani laini ya Kenya Power, zilipotoka, nilichangamka. Sheria ya Nishati ya 2019 ilikuwa imeruhusu jambo hilo kwa mwenye mtambo usiozidi megawati 1, lakini kanuni zilichukua miaka. Nilifikiri: mchana nawapa ya ziada, usiku wananirudishia, na kumbe betri sikuihitaji! Mwanangu akanisomea. Kila uniti ninayoingiza kwenye laini yao inahesabiwa nusu. Nikiwapa 2, nina 1. Haiji kama pesa, inakuja kama uniti za kukatwa kwenye matumizi yangu, na zisizotumika mwaka wa fedha ukiisha zinapotea. Na laini yao ikizimika, bila betri na mimi ningezimika nao.

Sikatai mpango huo. Shule yenye paa kubwa na likizo tatu kwa mwaka, paneli zikizalisha na madarasa yamefungwa, ni bora nusu kuliko bure. Mimi nilikaa na kalamu. Ya ziada yangu, saa nne mpaka saa nane mchana betri ikiwa imejaa, ni kama uniti 2 kwa siku. Nusu yake ni uniti 1. Shilingi 26 hivi.

Nikaenda kuokota chupa za soda za lita mbili.

Nazijaza maji, naacha nafasi kidogo mdomoni zisipasuke, naziingiza friza saa nne jua likiwa limekolea, nane kwa siku. Mchana sola inagandisha, usiku barafu ile ile inashikilia ubaridi wa samaki, injini ya friza inanguruma mara chache, betri inaamka na nguvu. Asubuhi nazitoa nauza shilingi 30 moja kwa wauza juisi na maji baridi wa Kondele, naingiza nyingine. Mzee wangu alicheka mwanzoni. Sasa yeye ndiye anayeleta chupa kutoka shuleni.

Wa kwanza kufika huwa ni kijana mmoja wa juisi ya miwa, saa moja kasoro. Jana alikuja na noti ya mia mbili akitaka tano. Nilimpa tatu, nikamrudishia mia na kumi. Juzi kulikuwa na mawingu.